Mkono na omukono: maswali mnayoniuliza kila wiki kuhusu hili neno

Mi nafundisha Kiswahili jioni hapa Mukono mjini, Uganda, wanafunzi wangu ni wenye maduka, vijana wa boda, walinzi, manesi, na siku hizi wazazi pia manake watoto wanarudi na homuweki ya Kiswahili na mzazi hana pa kuanzia. Katika maneno yote ya mwili hakuna linaloleta maswali kama "mkono". Baba yangu ni Muganda wa Kyaggwe, mama mtu wa Tanga, kwa hiyo kwetu omukono na mkono vimekula sahani moja tangu nazaliwa na hili neno nalipenda kweli. Nimekusanya maswali yanayorudi rudi, nimejibu kama navyojibu darasani.

Mkono wa Kiswahili na omukono wa Luganda ni neno moja au yamefanana tu?

Ni neno moja kabisa. Chukua omukono, toa ile "o" ya mbele ambayo Kiswahili kilishaiacha zamani, inabaki mukono. Sasa sema mukono haraka haraka mara tatu, utasikia ile "u" inamezwa, unabaki na mkono. Ndo hivyo tu. Kwenye wingi ni emikono na mikono, toa "e" umeshafika. Basoga wanasema omukono, Banyankole omukono, na ukishuka mpaka kule Afrika Kusini Wazulu wana umkhono, wao wanautumia zaidi kwa mguu wa mbele wa mnyama na kwa mkono wa nguo.

Wataalamu wa lugha wanapoona neno limetawanyika hivyo kwa watu ambao hawajawahi kuonana wanajua limetoka kwa mababu wamoja, wale Wabantu walioanza kusambaa kutoka upande wa mpaka wa Nigeria na Kameruni miaka kama 4,000 mpaka 5,000 iliyopita. Mzizi wenyewe ni "kono". Hiyo "m" au "omu" ya mbele ni nguo tu neno linavaa. Kwa hiyo ukiniambia Kiswahili ni lugha ya wageni, nakuomba kwanza unyooshe huo mkono wako tuutaje wote wawili.

Si Waganda walilichukua kwa wafanyabiashara wa pwani?

Hapana, na hili nalisikia hata kwa watu waliosoma. Waswahili na Waarabu wa pwani wamefika Buganda juzi tu ukilinganisha na umri wa hili neno, Ahmed bin Ibrahim anayetajwa kwenye historia alifika kwa Kabaka (mfalme wa Buganda) Suuna II mwaka 1844, halafu Mutesa I akaja kujifunza Kiswahili na Kiarabu pale ikulu. Sasa fikiria mwenyewe, kabla ya 1844 Waganda walikuwa wanabebea nini matooke?

Walichokuja nacho wafanyabiashara kinajulikana kwa sura. Ekitabo, emmeeza, ssabbuuni, essaawa, hivyo vimepanda na misafara na bidhaa zake, ni vitu ambavyo havikuwepo, vilipofika vikaja na majina yake. Mkono ulikuwepo. Viungo vya mwili kwa kawaida watu hawaazimi majina, ingawa Kiswahili kwenyewe kimeazima hapa na pale, mfano damu ni ya Kiarabu wakati Luganda wamebaki na omusaayi. Ila kwenye mkono wote wawili tulibaki na urithi wetu.

Mbona jirani yangu Mnyarwanda anasema ukuboko?

Kuna mizizi miwili ya zamani, kono na boko. Wanyarwanda, pamoja na Bafumbira wa Kisoro, walishika boko, hata wasemaji wa Lingala wanasema loboko. Lakini mwambie akuonyeshe kiganja, atakwambia ikiganza, hapo mmekutana tena. Waacholi wanasema cing, Wateso akan, hao lugha zao si za Kibantu kwa hiyo usitafute undugu hapo. Na Wanubi wa Bombo wanasema ida, kitu cha Kiarabu hicho.

Mkono unaanzia wapi unaishia wapi?

Kutoka begani mpaka ncha za vidole, wote ni mkono. Ndo maana mtu akikwambia "nimeumia mkono" bado hajakwambia kitu, hasa kama wewe ni nesi. Muulize ni bega, ni kiwiko (hapa pa kukunja), ni kifundo cha mkono (pale unapofunga saa), ni kiganja au ni kidole. Vidole navyo vina majina: gumba, cha shahada ambacho Waislamu wanakinyanyua wakitoa shahada kwenye swala, cha kati, cha pete, na cha mwisho. Chini ya bega kuna kwapa, na hapa nawaomba wasemaji wa Luganda mtege sikio kidogo, nyie mnasema enkwawa, ni kwapa hiyo hiyo, p ya Kiswahili kwenu imekuwa w. Kupa, okuwa. Kupona, okuwona. Ukishaisikia hiyo njia utaanza kuokota maneno mwenyewe bila mwalimu, na mimi nikimuona mwanafunzi ameligundua hilo, macho yanavyomtoka, siku hiyo narudi nyumbani nimeshiba.

Kinachowakwaza watu ni kunawa. Kwa Luganda mtu anaambiwa anaabe mu ngalo, yaani engalo, vidole, sa mwanafunzi anakuja mezani anasema "nataka kunawa vidole". Inaeleweka lakini Mswahili hasemi hivyo, anasema nawa mikono, hata kama maji yamegusa viganja tu. Na hicho kitenzi chenyewe nawa ni ndugu wa kunaaba, tofauti ni kwamba kunaaba inafika mpaka mwili mzima, kwa Kiswahili ukishavua nguo zote unaoga, kunawa ni mikono na uso.

Vivyo hivyo ile alama ya UPC, chama cha siasa hapa Uganda, kiganja kilichofunguliwa, watu wote wanaiita mkono na hawajakosea.

Kwa nini unanirekebisha nikisema "mkono yangu inauma"?

Kwa sababu wewe mwenyewe unajua jibu, umelisahau tu ulipohamia Kiswahili. Kwa Luganda unasema omukono gwange gunnuma. Hujawahi kusema omukono yange. Ile gw yako kwa Kiswahili ni w, ile gu ni u, kwa hiyo gwange ni wangu na gunnuma ni unaniuma. Mkono wangu unaniuma. Wingi emikono gyange ginnuma, mikono yangu inaniuma. Yaani hiyo "yangu inauma" si makosa yenyewe, ni ya wingi, umeiweka kwa mkono mmoja.

Kiswahili cha kwetu Uganda watu wengi wamekiokotea sokoni, kambini, barabarani, huko kila kitu ni "yangu" na "ile", na mtu anaelewana na mwenzie vizuri tu. Siwacheki hata kidogo. Ila huwa inaniuma kuona Muganda au Munyankole anahangaika na ngeli kama vile ni hesabu za mwezini, wakati lugha ya mama yake imejaa ngeli kuliko hata Kiswahili. Mu-mi hiyo hiyo: omuti emiti, mti miti, omukono emikono, mkono mikono, omutwe emitwe... hapo Kiswahili kimehama, kinasema kichwa vichwa, nisameheni, kila nyumba ina mtoto wake.

Mkono wa kulia unahusiana na kulia machozi?

Swali zuri sana hili, na hapana. Kulia ya machozi ni nyingine. Hii ya mkono inatoka kwenye kula. Kula, ukiongeza i inakuwa kulia, yaani kulia chakula kwa kitu fulani: kijiko cha kulia, chumba cha kulia, mkono wa kulia. Ni mkono wa kulia chakula. Luganda imepita njia hiyo hiyo, ddyo imetoka kwenye kulya, na Wanyarwanda iburyo yao inatoka kurya. Watu wote hawa walitazama mikono miwili wakaamua mmoja ni wa chakula.

Kuna na kuume, mkono wa kuume, hiyo inatoka kwenye -ume ya mwanamume, utaisikia sana kanisani na kwa wazee wa pwani. Maana ni ile ile.

Sasa upande wa pili ndo kwenye hatari. Kushoto kwa Luganda ni kkono, kwa k nzito. Mama alipohamia huku miaka hiyo alipanda boda akamwelekeza kijana kwa Kiswahili, kijana akawa anamuuliza "kkono? ku kkono?" na mama akasikia kona, akajibu ndio ndio, kona, akimaanisha kona ya mbele ya kulia. Wakaingia kushoto. Kwa hiyo mkono, kkono na kona ni vitu vitatu, ukiwa barabarani sema kushoto au kulia kwa ukamilifu halafu unyooshe na mkono wenyewe.

Nikitaka mtu asaini karatasi naruhusiwa kumwambia "weka mkono hapa"?

Kwa Luganda okuteeka omukono ni kusaini, ni lugha safi kabisa, na wazee wa Kiswahili pia walikuwa wanasema kutia mkono kwa maana hiyo. Lakini siku hizi Kiswahili kilichozoeleka ni kutia sahihi au kuweka saini, mtu wa Dar ukimwambia weka mkono anaweza asikuelewe.

Nina ushahidi wa nyumbani. Baba alipokuwa ananunua kile kiwanja chetu ilibidi mama naye awe shahidi kwenye endagaano, yaani mkataba. Tumekaa barazani kwa mwenyekiti wa LC1, serikali ya kijiji, mi mdogo nimebanwa kati ya magoti ya baba, karatasi moja ya mistari imeandikwa kwa kalamu ya bluu, muhuri na kidau cha wino wa zambarau viko pembeni. Mwenyekiti, mzee mpole sana, akajitahidi kumsemesha mama kwa Kiswahili, akamwambia "mama, weka mkono yako hapa". Mama akaangalia ule wino, akaangalia karatasi, akabonyeza kiganja kizima kwenye kidau, akakiweka taratibu chini ya jina lake kama anapaka mtoto mafuta. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akatazama ile karatasi muda mrefu, akasema sawa, huu ndo mkono kweli, akapiga muhuri pembeni. Mama hakuwa hajui kuandika, alikuwa ameambiwa mkono akatoa mkono. Ile endagaano iko kabatini mpaka leo, ukiifungua unaona mistari yote ya kiganja chake, ile mirefu na ule mkato wa kisu cha nazi chini ya gumba.

Kama mtu hajui kuandika, kwa Kiswahili unamwambia atie dole gumba, Luganda ni ekinkumu.

Zamani watu walipimaje kwa mkono?

Mkono kama kipimo ni kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, kama sentimita 45 hivi. Jina lake lingine ni dhiraa, la Kiarabu. Nusu ya mkono ni shibiri, ile ya kupanua gumba na kidole cha mwisho. Mikono miwili ni wari, na mikono minne ni pima, yaani mtu amenyoosha mikono yote huku na huku kama anakukumbatia. Vitambaa vya misafara, merikani na kaniki, viliuzwa kwa mikono na mapima hivi.

Shida yake inaonekana bila kuambiwa: mkono wa nani? Mnunuzi anatafuta muuzaji mrefu, muuzaji anamtuma mdogo wake. Mama hata alipokuwa na futi ya kushonea bado alikuwa anapima kwanza kwa mkono, anashika pindo la kitambaa kwa vidole viwili, analaza kiwiko juu ya meza, mmoja, anageuza, wa pili, anahesabu kwa midomo bila sauti, halafu ndo anachukua futi kuhakikisha. Sijawahi kuona amekosea zaidi ya upana wa kidole.

Misemo gani ya mkono nijifunze kwanza?

Ya kwanza kabisa kuunga mkono, manake utaisikia kwenye kila mkutano, naunga mkono hoja, tunamuunga mkono mgombea wetu. Kuunga ni kuunganisha, unaongeza mkono wako kwenye wa mwenzio. Usiseme "nasaidia mkono".

Mtu mwenye mkono wa birika ni bahili. Chukua birika la chai ulitazame pale linaposhikwa, mkono wake umejikunja unarudi kwenye birika lenyewe, hautoki kwenda kwa mtu. Mwenye mkono mrefu naye ni mwizi, msemo huo utauhitaji ukiwa kwenye paki ya teksi na simu iko mfukoni.

Mkono mtupu haulambwi, yaani hakuna anayeramba mkono usio na kitu. Ukienda kwa mtu nenda na chochote hata kilo ya sukari. Huu msemo watu wanaufanya mkali, wanautumia kuombea rushwa, na hilo silipendi kabisa manake kwa wazee wa pwani ni adabu ya mgeni.

Mkono mmoja haulei mwana. Waganda wao wameenda kwenye meno, agali awamu ge galuma ennyama, yaliyo pamoja ndiyo yanayotafuna nyama, maana zinakaribiana ila mi naona wa Kiswahili una joto zaidi, unamuona kabisa mama mwenye mtoto mgongoni na sufuria jikoni. Kuna na mkono usioweza kuukata, ubusu, huo ukubali tu kwamba dunia ina wakubwa.

Halafu kuna kupa mkono. Ukimpa mtu mkono unamsalimu, ila kwenye msiba kumpa mfiwa mkono ni kumpa pole, na mara nyingi katikati ya viganja kuna noti imekunjwa ndogo. Ni kama amabugo yetu huku, mchango wa msiba, tofauti ni kwamba pwani haiandikwi kwenye daftari. Na sikukuu ya Idi watoto wanakuja kuomba mkono wa Idi, hapo usiwape mkono mtupu ukadhani umemaliza, wanataka shilingi.

Mkono wa tembo ni nini, nimeuona kwenye menyu?

Ni ndizi. Ile kubwa ndefu inayofanana na gonja yetu, ndizi ya kuchoma, Tanzania wanaiita mkono wa tembo, mkungu mmoja una ndizi chache lakini kila moja inashibisha mtu. Na tembo mwenyewe ule mkono wake wa puani Kiswahili kinauita mkonga. Kile tunachoita ekiwagu cha matooke kwa Kiswahili ni chana, usiseme mkono wa ndizi.

Na shati?

Shati la mikono mirefu, shati la mikono mifupi. Luganda vivyo hivyo. Saa ya mkono, simu ya mkononi, kazi za mikono, mpira wa mikono, hizo zote ziko wazi.

Nikiongea Kiswahili mji wetu niuite Mkono?

Hapana, jina la mji linabaki Mukono na "u" yake, tuko kilomita kama 21 kutoka Kampala kwenye barabara ya Jinja na vibao vyote vinaandika hivyo. Ukisema "natoka Mkono" mtu wa Tanga atakuangalia begani. Mama alikaa huku miaka mingi na bado akiandika barua kwao alikuwa anaandika Mukono kwa herufi kubwa zote, halafu chini anaongeza, "nimewapa mkono".